Kilimia cha Mzee Likwata

Kwa miaka mingi Mzee Likwata alipiga gitaa la solo katika bendi ya harusi pale Lindi mjini, na watu wa mtaa wake wa Mtanda walimtambua kwa mlio kabla hawajamwona. Kisha kiharusi kikamshika mkono wa kushoto. Mazoezi yalimrudishia vidole viwili tu, navyo vilikuwa dhaifu. Akibonyeza uzi, sauti ilitoka ikafa hapohapo. Akalitundika gitaa ukutani, akawa hataki hata redio ifunguliwe akiwa karibu.

Binti yake mkubwa, Zakia, alikuwa fundi wa redio na simu pale njiapanda ya Mingoyo. Yeye hakujua kupiga, lakini alikulia kwenye sauti ya gitaa lile, na kimya cha nyumbani kilimuuma. Siku moja, kazini, akaona kwenye simu video ya fundi wa ng'ambo aliyetengeneza pedali ya gitaa, kile kikasha cha kukanyaga kwa mguu kinachoifanya sauti ikwaruze na kujaa. Mkwaruzo wenyewe haukumvutia. Kilichomshtua ni kwamba yule mtu aligusa uzi mara moja, akachukua kikombe kwa mkono wa kulia, akanywa chai, na sauti bado inalia.

"Hii ndiyo dawa ya Baba," akasema peke yake.

Pedali ile ilitaka transista za zamani, zile za redio za mababu, na dukani kwa Zakia redio mbovu za namna hiyo zilijaa rafu nzima. Akazichokonoa moja moja. Pedali ya kwanza ilinasa matangazo ya redio badala ya gitaa. Ya pili ikatoa moshi. Ya tatu ikaimba. Akaikunjia kasha la alumini, akalipaka bluu nzito, akatoboa matundu saba na kuweka taa ndogo ndani, zikakaa kama Kilimia, zile nyota ambazo wajomba zake wa Kilangala huzitazama kabla ya kupanda. Kitufe cha sauti akakiandika Jua, cha mkwaruzo akakiandika Mwezi.

Akalishusha gitaa ukutani, akalichomeka kwenye pedali na kugusa uzi mmoja. Baba yake alipoisikia sauti ile, alikunja uso. "Zakia, umelichana gitaa langu. Mimi nilikuwa napiga sauti safi kama maji."

"Najua, Baba. Piga moja tu, kisha usikilize."

Mzee akapiga. Kidole chake dhaifu kiliubonyeza uzi kidogo tu, lakini sauti haikufa. Ilinyooka, ikajaa chumba, ikaendelea. Mzee akaukodolea macho mkono wake.

"Subhanallah," akanong'ona, na alipomaliza kulitamka neno lile sauti ilikuwa bado ipo. Siku hiyo hakutoka chumbani mpaka alipoitwa kula.

Harusi ya mdogo wake Zakia, Saida, ilikuwa karibu. Mzee akatangaza kwamba atapiga mwenyewe. Jafari, kiongozi wa bendi yake ya zamani, aliyefundishwa gitaa na mzee huyohuyo, alikuja kumwamkia.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Nitafutie kiti, niwekee na amplifaya."

Jafari alimvuta Zakia pembeni. "Dada, watu wengi mno. Mzee akikwama, ataumia vibaya zaidi."

"Akikwama, nipo," akajibu Zakia.

Sherehe ikafanyika alasiri, uwanjani, jua likiwaka kweli. Bendi ikaanza, Mzee Likwata akakanyaga pedali, taa saba zikawaka. Sauti mbili zikatoka vizuri. Ya tatu ikatapatapa, ikakatikakatika, ikazimika. Bendi ikasimama. Mzee akapiga tena. Kimya.

Jafari akainama. "Mwalimu, pumzika kidogo, tuendelee na kinanda."

"Mwache mwanangu afanye kazi yake," akasema mzee, bila kuinuka kitini.

Zakia alikuwa ameshapiga magoti. Waya zote zilikuwa sawa, betri nayo nzima. Kisha kiganja chake kikagusa kasha, akakiondoa haraka, maana lilikuwa la moto kama sufuria. Transista zile za zamani hazipatani na joto, na nyumbani alikuwa akizijaribu asubuhi, kwenye ubaridi. Akakimbilia kwa muuza vinywaji, akarudi na chupa ya maji yaliyoganda. Akaizungushia kanga ili maji yasiingie ndani ya kasha, akailaza pedali juu yake, akasimama upande wa jua ili kivuli chake kiifunike.

"Subiri kidogo, Baba. Haya, sasa."

Mzee akagusa uzi.

Sauti ikatoka nzima, nene, ikapanda juu ya ngoma na kinanda, ikakaa huko juu. Kwa vidole viwili hakuweza tena kukimbia kama zamani, basi akaacha kukimbia. Alichagua sauti chache, akaivuta kila moja mpaka ikatetemeka. Kina mama wakapiga vigelegele. Saida, aliyeketi kimya kama bibi harusi anavyotakiwa, akanyanyuka na mavazi yake yote, akaja kucheza mbele ya baba yake. Mzee alikuwa analia na kucheka kwa pamoja, na mkono hausimami.

Wimbo ulipoisha, watu wakadai mwingine. Mtu akamletea chai. "Chai baadaye," akasema mzee, "leteni barafu nyingine."

Jafari akachuchumaa karibu na Zakia, akizitazama zile taa. "Dada, nitengenezee na mimi moja."

"Asubiri zamu yake!" Mzee akadakia kutoka kitini. "Kwanza ya kwangu ya akiba. Ijumaa ijayo nina harusi nyingine."

"Harusi ya nani, mwalimu?"

"Yoyote mtakayokwenda kupiga," akasema, na kukanyaga tena.