Injini Isiyo na Presha

Mshale wa geji ya oili ulipanda, ukatikisika kidogo, kisha ukarudi chini ukalala kwenye kumi. Lilik alipiga usukani kwa ngumi, akazima injini na kutoa tusi la kwao Surabaya, tusi ambalo huku kwenye miteremko ya mlima Merapi watu wakilisikia hutazama pembeni.

"Kumi!" alipaza sauti. "Inatakiwa arobaini! Shemeji, umeniundia injini au umenichemshia supu?"

Shemeji mwenyewe, fundi Ngatijo, alikuwa amechuchumaa kando ya gurudumu la mbele akijifuta mikono. Alikuwa kaka mkubwa wa Parjiyo, mume wa Lilik, na fundi wa magari tangu nywele zake zikiwa nyeusi. Alitabasamu. Watu wa huku hutabasamu hata wakikanyagwa.

"Tutaangalia, shemeji. Pole pole ndiyo mwendo."

"Pole pole yako hiyo imefika siku ya nne! Kesho saa mbili kamati inakagua. Saa mbili! Watasema pole pole, wataondoka na nambari yangu pole pole!"

Na hapo alikuwa anasema kweli. Gari lenyewe lilikuwa jipi la jeshi, lililoachwa na wanajeshi kabla yeyote kati yao hajazaliwa. Baba mkwe alilipata akawa anabebea mchanga na majani ya ng'ombe. Siku hizi magari ya aina hiyo yanabeba watalii, yanawapandisha mlimani kuona vijiji vilivyoungua mlima ulipolipuka. Chama cha madereva kina nambari chache, na nambari haitoki mpaka mtu afe au achoke. Kumi na saba ilikuwa imetoka. Gari litakalofaulu ukaguzi kesho litaipata, na lisipofaulu yupo mwingine nyuma yake amekaa mkao wa kula. Lilik alikuwa amekaanga tempe, vile vipande vya soya, kibandani kwa miaka ishirini na miwili, amesimama, moshi machoni. Alitaka kukaa. Alitaka kukaa nyuma ya usukani, avae miwani myeusi, aitwe dereva. Hilo tu, na lilikuwa linamponyoka.

Injini ilikuwa imefanyiwa ovaholi yote: pistoni mpya, beringi mpya, kranki imepelekwa mjini ikachongwa. Ngatijo aliifunga kwa mikono yake, skrubu kwa skrubu, hapahapa uani. Ikawaka mara ya kwanza, majirani wakapiga makofi, na Lilik akagawa tempe bure. Kisha akatazama geji. Injini iliyofunguliwa juzi tu, presha ya oili haina! Oili isipopata nguvu ya kufika kwenye beringi, chuma kitakula chuma, na hata mkaanga tempe anajua hilo.

Siku ya kwanza walilaumu geji. Wakaazima nyingine, ikasema yale yale. Siku ya pili walilaumu oili kuwa nyepesi, wakaweka nzito, mshale ukapanda kidogo injini ikiwa baridi, ikipata moto ukaanguka. Siku ya tatu Ngatijo alitoa springi ya valvu ya presha akaisukuma kwa washa mbili, akafungua pampu akapima meno yake, akashusha karai la oili la chini ya injini na kupima nafasi ya beringi moja moja. Vyote vizima. Kila alipomaliza kitu alisema "tutaangalia", na kila aliposema hivyo Lilik alihisi kichwa kinafuka kama ule mlima wenyewe.

Wakati wote huo Parjiyo alikaa kwenye benchi la mianzi, akivuta tumbaku ya karafuu, akiletewa chai na kuinywa. Ukimuuliza, anasema "labda". Ukimshika ukamtikisa, anasema "huenda".

"Baba Wening," Lilik alimgeukia sasa, akimwita kwa jina la binti yao, "wewe una maoni gani? Au umekuja kuangalia sinema?"

"Kaka anajua kazi yake," alisema Parjiyo.

"Najua anajua! Sijauliza kama anajua!"

Ngatijo alikohoa, kikohozi cha mtu anayetaka ugomvi ujifie wenyewe. Akasema amebakiwa na jaribio moja. Akamtuma Lilik kwa jirani anayelima pilipili kuazima lile tangi la mgongoni la kunyunyizia dawa. Lilik alienda akarudi mbio, akalisugua tangi kwa sabuni na mafuta ya taa kwa hasira mpaka likang'aa. Walilijaza oili safi. Mpira wake Ngatijo aliufunga pale panapoingia bomba la geji, karai likiwa limeshushwa tena, na injini imezimwa.

"Mimi nitapampu," alisema. "Wewe shemeji una macho makali, lala chini utazame. Kwenye beringi oili itadondoka tone moja moja. Pakiwa na mahali inamwagika, ndipo penye kosa letu."

Lilik alitandika gunia akajitupa chini ya gari na kanga yake, hakujali. Ngatijo akapampu. Tone. Tone. Beringi ya kati, ya nyuma, zote zinadondoka kwa heshima, kama waalikwa wanaosubiri kukaribishwa chakula. Kisha kule mbele kabisa, nyuma ya kava inayofunika gia, oili ikateremka mfululizo kama bomba la msikitini lililoachwa wazi.

"Huku! Mbele! Inamwagika, shemeji, inamwagika yote!"

Ngatijo aliacha kupampu. Hakusema "tutaangalia". Alitoa rejeta, akatoa puli, akafungua kava, na ilipoachia alisogea kando ili Lilik aone. Palikuwa na tundu la duara, lenye nyuzi za skrubu, unene wa kidole kidogo. Ulikuwa mwisho wa njia kuu ya oili. Njia hiyo ina vizibo viwili, kimoja mbele, kimoja nyuma. Ngatijo alivitoa vyote kuisafisha njia kwa brashi. Cha nyuma alikirudisha.

"Cha mbele," alisema Ngatijo, na uso ukamshuka, "nilikuwa ndiyo nakifunga walipokuja kuniita kwenye dua ya arobaini ya jirani yetu mzee Kromo. Nikanawa nikaenda. Niliporudi nikaona pamekaa sawa, nikafunga kava."

Hilo kila mtu analielewa. Jirani akikuita kwenye wali wa dua unaweka spana chini, hata kama umeshika moyo wa mtu. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na hapa hawakuziba hata tundu. Lilik alitaka kupiga kelele, lakini kwanza alitaka kizibo.

"Kiko wapi? Tukitafute! Kitakuwa kimeanguka kwenye mchanga, Mungu wangu, nani atakipata kwenye..."

"Kipo," alisema Parjiyo.

Alifungua kopo lake la tumbaku. Akachokora kwa kidole, akatoa kizibo cha shaba nyeupe, kikavu, kimefutwa vizuri, akakiweka kwenye kiganja cha kaka yake.

Wote walikitazama. Kuku alipita.

"Kilikuwa kwenye kifuniko cha glasi ya chai," Parjiyo alieleza. "Nikakichukua kisipotee."

"Kisipotee," alirudia Lilik. "Kisipotee! Siku nne! Siku nne tunapasua injini kama mbuzi wa idi, wewe umekilalia kwenye tumbaku! Ulimwona anafunga kava?"

"Nilimwona."

"Na hukusema?"

"Ningesemaje? Ni kaka yangu. Nimwambie umesahau, mbele ya majirani? Nilidhani atakumbuka mwenyewe."

Na Ngatijo, badala ya kumrukia, alitikisa kichwa kwa huruma. "Ah, si kitu, si kitu. Asante kwa kukihifadhi, mdogo wangu. Kosa ni langu."

"Si kitu!" Lilik alishika kichwa. Miaka ishirini na minane ameolewa huku na bado hajaizoea adabu hii ya kuacha nyumba iungue kwa sababu mwenye nyumba ni mkubwa kwako. Wanaosema hasira ni hasara hawajawahi kuolewa kwenye ukoo wa wapole. Alimsogelea mumewe mpaka pua zikakaribiana.

"Haya. Kaka yako unamwonea haya, sawa. Mimi je? Mimi si kaka yako! Usiku tunalala kitanda kimoja, nageuka huku na huku, nalia, unanisikia. Ungeninong'oneza tu: 'Mama Wening, kizibo.' Neno moja! Mimi ningemwambia, mimi sina haya, ukoo mzima unajua sina haya! Kwa nini hukuniambia mimi?"

Parjiyo alifunga kopo. Lilik alijua kimya chake chote, cha usingizi, cha njaa, cha uchovu. Hiki hakukijua.

"Nilifurahi," alisema hatimaye.

"Nini?"

"Nilipoona kava inafungwa bila kizibo, nilifurahi. Nikasema basi, gari halitapanda." Sauti yake haikupanda hata kidogo. "Kila asubuhi unakaanga tempe huku unajizoeza maneno yako. 'Wageni wapendwa, hapa ndipo alipofia mama mkwe wangu mlima ulipolipuka, alirudi kumfungulia ng'ombe wake, karibuni mpige picha.' Kila asubuhi. Sauti juu. Mimi niko pale mezani nakunywa chai."

Lilik alifungua mdomo.

"Mimi ndiye niliyempata," alisema Parjiyo. "Unajua nilimpata vipi. Nilimshusha na gari hilihili, kaka alikuwa nyuma amemshika. Wewe unataka watalii wasimame pale na kofia zao."

Ngatijo alikuwa ameinamia injini, amewageuzia mgongo, anafunga kizibo ambacho kilikuwa kimeshakazwa.

"Ungesema," Lilik alisema. Hasira ilikuwa bado imemjaa, ila haikujua tena pa kwenda. "Baba Wening, ungesema tu! Ningejuaje? Mimi ni mchawi?"

"Nilisema. Siku ulipoleta karatasi ya chama, na siku kranki ilipokwenda mjini. Mara mbili. Ulikuwa unaongea."

Hilo lilimpata. Alijaribu kukumbuka siku hizo mbili na alichokumbuka ni sauti yake mwenyewe.

Kufikia alasiri kava ilikuwa imerudi, rejeta imerudi, karai limefungwa. Ngatijo aliwasha. Mshale ulipanda ukapita ishirini, ukapita thelathini, ukasimama arobaini, na injini ilipopata moto ukabaki palepale. Alicheka peke yake kwa furaha, akatazama huku na huku, akaona hakuna wa kucheka naye, akazima.

Lilik alijifunga kanga upya na kwenda kwa miguu hadi kwa mwenyekiti wa chama. Njia nzima alikuwa anagombana na mtu asiyekuwepo. Mwenyekiti alimkaribisha kwa chai na vipande vya wali wa kunata na tempe.

"Bu Lilik!" alisema, kwa lile "mama" la heshima la huku. "Nasikia injini imepona, sauti imefika mpaka huku. Basi kesho?"

Angeweza kumwambia ukweli, maana ndiyo ilikuwa sifa yake. Mume wangu hataki, na sababu ni hii. Kufikia magharibi kijiji kizima kingekuwa kinamjadili Parjiyo na mama yake.

"Mguu, mwenyekiti," alisema. "Klachi nzito, mguu wangu haufiki vizuri. Nambari mpe anayefuata."

Mwenyekiti alimtazama mwanamke huyu mrefu, ambaye miguu yake inaonekana toka sokoni. Alijua anadanganywa. Kwa adabu yake hakuuliza. "Pole sana, Bu," alisema, akamwongezea chai. Kwa mara ya kwanza tangu aolewe, Lilik aliishukuru adabu ile, na kuishukuru kukamuudhi vilevile.

Alirudi nyumbani akamkuta Parjiyo kwenye benchi lile. Hakumwambia alikotoka. Alivuta kigoda akakaa mbele yake, magoti kwa magoti, akakunja mikono.

"Nina hasira na wewe," alisema. "Nina hasira sana, usidhani zimeisha. Sasa sema. Yote. Mimi sitii neno mpaka umalize."

Parjiyo aliweka kopo la tumbaku kando. Akawa anatafuta pa kuanzia, na Lilik, aliyekuwa na maneno elfu mdomoni, aliuma midomo na kungoja.