Trela Lililokaa Uani

Verlin Tollefson alilikagua trela la kulala safarini kama alivyozoea kukagua ng'ombe wa kununua. Alilizunguka polepole, kiganja kikipapasa ubavu. Akachuchumaa, akatazama magurudumu. Akabonyeza pembe za chini kwa kidole gumba kuona kama maji yameingia ukutani, kisha akafungua mlango na kuingiza pua kabla ya mguu. Mkewe, Ardis, alisimama kando amekumbatia mkoba wake, akiomba kimoyomoyo lisinuke.

Halikunuka.

Asubuhi walikuwa mjini kutazama jipya. Verlin alilipenda papo hapo. "Hakuna mtu aliyekoroma humu," alisema akipigapiga godoro. Lakini lile lilikuwa la maonyesho tu. Lao lingeagizwa kiwandani, lifike theluji ikiisha.

Theluji ikiisha. Ardis hakuyapenda maneno hayo. Ng'ombe wao waliwauza mwanzoni mwa kiangazi, lakini Verlin bado aliamka saa kumi alfajiri, akavaa buti, akaenda kusimama ndani ya banda tupu. Na jana jirani yao Kermit alipita kunywa kahawa, akasema ana mitamba wachache amekosa pa kuwaweka baridi hii. Verlin hakusema ndiyo wala hapana. Alimkatia kipande kingine cha keki. Ardis alimjua mumewe. Ng'ombe hukamuliwa alfajiri na jioni, iwe Krismasi, iwe msiba. Ndiyo maana katika miaka arobaini na moja ya ndoa hawakuwahi kulala usiku hata mmoja mbali na banda lile. Mitamba wakiingia, watapata mimba, watazaa, watatoa maziwa. Na trela jipya litakuja kuegeshwa karibu na ghala la nyasi, litazamwe na kuku.

"Haya, dada," Verlin alimwambia mwenye trela, Marlys Pfaff, mama mnene aliyevaa sweta la wawindaji. "Ni zuri mno. Sasa niambie kwa nini linauzwa. Mtu hauzi kitu kizima."

Marlys alifungua mdomo, lakini jibu lilitoka barazani, alikokuwa amekaa mumewe na mbwa mapajani.

"Kasoro yake ni mimi!" alisema Gil Pfaff. "Tumetoka nalo mara mbili tu. Nikilala humo nahisi nimeacha mlango wa nyumbani wazi. Mara ya pili nilimwamsha Marlys usiku wa manane, tukarudi."

"Na mlango ulikuwa wazi?" aliuliza Verlin.

"Umefungwa kama kaburi. Lakini nililala vizuri, bwana we!"

Verlin aliangua kicheko ambacho Ardis hakuwa amekisikia tangu lori la ng'ombe liondoke. Akapanda barazani, akavuta kiti. Punde wakawa wanaongea habari za mabomba yanayoganda na mapaa yanayotaka kusafishwa theluji, na nani hasa angeyatunza hayo kama mwenye nyumba yuko kwenye milima ya watu akitazama mawe. Ardis aliwasikiliza, akaona ametoka kutafuta gari la safari na mumewe amepata ndugu.

"Njoo ndani," Marlys alimwambia kwa sauti ya chini.

Ndani kulikuwa na meza ndogo, jiko la gesi na pazia la maua ya njano. Kila kitu kiling'aa.

"Nafuta vumbi kila Jumamosi," alisema Marlys. "Vumbi lenyewe la hapa hapa uani kwangu. Kila mwaka ananiambia, mwakani mke wangu, baridi ikipita. Wala hanidanganyi. Akisema, anaamini kabisa." Alinyoosha pazia lililokuwa limenyooka tayari. "Mimi nilitaka kuona bahari. Nimechoka kuliona trela kila nikiosha vyombo, ndiyo maana naliuza. Wewe ungetaka kwenda wapi?"

"Popote pasipo na ndoo za maziwa," alisema Ardis.

Kivuli cha Verlin kiliziba mlango. "Mama, tuagize lile jipya. Haraka ya nini? Theluji ikiisha..."

"Kermit ulimjibu nini?" aliuliza Ardis.

Verlin alitazama kofia yake. "Nilipomsindikiza nilimwambia awalete Jumatatu. Ni wa baridi hii tu."

Marlys alitoka akiwapisha. Ardis aliketi kwenye ukingo wa kitanda.

"Kila alfajiri unakwenda kusimama kwenye banda tupu, nami sikusemi. Najua unachotamani. Mimi nimesimama vivyo hivyo kwenye dirisha la jikoni tangu uliponioa, natazama barabara."

"Sikujua."

"Ungejuaje? Ulikuwa unakamua."

Verlin alitaka kucheka, akashindwa. Aliketi kando yake, godoro likawainamisha wakagusana mabega. Nje majani mekundu ya mti wa jirani yalikuwa yakianguka juu ya paa, moja moja. Kisha Verlin akatoa simu, akaishika mbali na uso kama afanyavyo siku zote.

"Kermit? Verlin hapa. Wale mitamba... usilete. Hapana, wazuri, najua ni wazuri." Alisikiliza swali la Kermit. "Kwa sababu sitakuwepo, ndugu yangu. Muulize Orrin, banda lake lina joto."

Alikata simu, akakaa na mikono mikubwa juu ya magoti, mikono isiyo na kazi. Ardis aliona macho yake yamelowa, akaona haya kwa furaha aliyokuwa nayo.

"Sasa saa kumi alfajiri nitafanya nini humu?" aliuliza Verlin.

"Utalala. Ukishindwa, niamshe tuzungumze."

"Kuhusu nini?" Aliuliza kwa hofu ya kweli.

Walikuwa wameongea miaka yote hiyo juu ya nyasi, viwele na mvua. Mwanamume huyu angesema nini gizani, mahali ambapo hakuna mnyama anayemngoja, Ardis hakuwa na habari hata kidogo. Na alitamani kulisikia hilo kuliko alivyowahi kuitamani milima yoyote.

"Nenda kalete pikapu," alimwambia. "Tulilipie hili hili, tulifunge nyuma kabla jua halijazama."