Mafuta ya Ghorofa ya Pili

"Mimi silalamiki kwamba yanadondoka," alisema mpishi, amesimama katikati ya ngazi, mikono kiunoni, ili kila mlango usikie. "Nalalamikia rangi. Tangu jana mafuta yako yanakuja meupe kama maziwa, mdogo wangu. Nikiyatia kwenye kikaango yananirukia usoni."

"Mafuta yangu yapi, dada? Jikoni kwangu hakuna mafuta huu mwezi wa tatu."

"Basi ya mumeo. Yanatoka pale pale chini ya kiti chake."

Mama wa ghorofa ya tatu, aliyekuwa akianua nguo, alitia neno: wiki iliyopita yalikuwa ya njano, mazuri tu, hata yeye aliazima kikombe.

Mshonaji, huyo aliyeambiwa mafuta ni ya mumewe, hakushangaa kwamba yalipita kwenye zege mpaka kwa mpishi, ghorofa ya chini yao. Jengo lile lilikuwa kuukuu na lilipitisha mengi: sauti, harufu, habari za watu. Kilichomchoma ni ule weupe. Aliwahi kuuona. Miezi mitatu nyuma mumewe, fundi saa, alilazwa siku nne, amejikunja kwa maumivu ya tumbo kama kamba iliyonyeshewa. Mtaalamu wa maabara alimwonyesha mshonaji damu yake ndani ya kichupa. Juu lilikuwa limeganda tabaka jeupe, zito, kama maziwa ya juzi.

"Hii ndiyo trigliseridi, mafuta yanayozunguka kwenye damu," daktari alieleza. "Inatakiwa isifike mia na hamsini. Mzee ana mia tisa na kumi na mbili. Kongosho ndilo lililowaka. Likiwaka tena, sikuahidi kitu."

Daktari alisema taratibu, kama anayemwandikia mtu barua. Si mafuta ya kikaangoni peke yake. Ni sukari, soda, juisi, keki, mlima wa wali mweupe, na bia ndiyo mbaya wao. Ini likizidiwa na utamu linaugeuza mafuta na kuumwaga kwenye damu. Ale mboga, maharage, samaki, anywe dawa, atembee nusu saa kila siku, akija kupimwa tena awe hajala kitu kwa muda wa saa kumi na mbili.

Mshonaji alitii neno kwa neno. Sukari aliitoa nyumbani na bakuli lake. Fundi naye alivaa raba mpya, na kila jioni saa kumi na moja aliaga: "Natoka kutembea, mama." Alirudi baada ya saa moja na nusu, amechangamka, jasho hana. Kila Jumapili mshonaji alimpima kiuno kwa futi yake ya kazi, na kila Jumapili kiuno kilikuwa kimeongezeka.

"Futi yako imesinyaa," fundi alimwambia. "Uliifua na maji moto."

Ndiyo maana jioni ile, ngazi zilipokwisha kutulia, mshonaji alizichukua zile raba kabla mumewe hajarudi kutoka kwenye karakana yake ya saa. Alizigeuza. Soli zilikuwa na michirizi yote, kama zilivyotoka dukani, na kwenye kisigino palikuwa na punje ya sukari. Alizirudisha mahali pake. Aliposikia fundi ameaga na kushuka, alihesabu hatua. Kumi na sita, kisha kimya. Mlango wa nje ulikuwa hatua ya thelathini na mbili.

Alishuka, futi ikiwa shingoni. Mlango wa mpishi haukuwa umefungwa, haujawahi kufungwa. Mpishi alipikia wanafunzi mia nne kwa miaka thelathini, na tangu astaafu mkono wake umekataa kujua kipimo cha mtu mmoja. Mezani palikuwa na jagi la juisi, soda mbili, keki iliyobaki nusu, na fundi saa, kwenye kiti chenye mto uliokwisha kufuata umbo lake.

"Shikamoo, dada," alisema mshonaji, maana adabu ni adabu.

"Marahaba, mdogo wangu."

Ukutani, chupa kumi na moja zilipangwa kwa safu, kila moja na karatasi yake. Mwandiko wa mpishi ulikuwa mkubwa, wa ubao wa jiko la shule. *Jumatatu, juisi glasi tatu. Alhamisi, soda mbili na wali. Jumamosi, keki.* Kumi za mwanzo zilikuwa za njano. Ya mwisho ilikuwa nyeupe: *Jana, keki nzima, bia nne.*

"Kumbe ulikuwa unajua," alisema mshonaji.

"Kujua nini? Chenye mafuta sijampa shemeji hata tone. Nimechunga sana. Muulize mwenyewe."

"Hajanipa," alithibitisha fundi, na akanywa funda la juisi.

Darini, chini ya kiti chake cha ghorofa ya juu ambacho sasa kilikuwa kitupu, doa lilivimba taratibu. Tone likajitenga, jeupe, likaanguka kwenye faneli iliyosimama juu ya chupa ya kumi na mbili. Mpishi alisogeza faneli kidogo kwa kidole, kama mtu anayenyoosha kitambaa cha meza. Fundi akanywa tena. Likaanguka la pili.

Mshonaji alivua futi shingoni, akamzungushia mumewe kiuno pale pale alipokaa, akasoma. Kiuno kilikuwa kimepita kipimo cha Jumapili kwa vidole viwili. Mkono wake ulibaki tumboni mwa mumewe, juu kidogo ya kitovu, mahali fundi alipokuwa akijishika siku zile nne za hospitali.

"Unaumwa hapa?"

"Kidogo tu. Gesi."

"Tangu lini?"

"Jana." Alikata kipande cha keki. "Futi hiyo, mama, nilishakwambia."

Mpishi alikuwa amekwisha kuvuta kiti cha tatu na kukifuta kwa upande wa kanga. Alichukua karatasi, akalamba ncha ya kalamu, akaandika *Leo*, akaacha nafasi. Kisha akamgeukia mshonaji kwa uso mkunjufu wa mtu ambaye nyumba yake hatimaye imejaa.

"Umesimama mlangoni kama mgeni, mdogo wangu. Ingia, kaa. Sahani yako hii, tule."