Funga Mlango, Kuku Wanaingia

Mama alipotuambia anaolewa tena, hakuna aliyeanguka kwa mshtuko. Fundi Friji alikuwa amekuja nyumbani mara nyingi mno kutengeneza friji isiyokuwa na ubovu wowote. Aliifungua, akaigongagonga ubavuni kama daktari, akasema, "Gesi bado inatafuta njia," halafu akakaa kunywa chai mpaka jioni. Mimi ni kinyozi, kazi yangu ni vichwa vya watu, na kile kichwa nilikisoma mapema.

"Nina sharti moja tu," Mama akasema. "Siku hiyo upigwe wimbo wetu. Ule wa baba yenu. Usipopigwa, sitii sahihi."

Fundi akacheka kwa furaha, maskini, akidhani amepewa sharti jepesi.

Inabidi niueleze huo wimbo. Ni wa roki, wa zamani, magitaa matupu, na umeimbwa kwa lugha ambayo nyumbani kwetu haijui hata mbuzi. Marehemu Baba aliurekodi kutoka redioni kwa kushika redio kaseti mbele ya spika, akatuamuru sote tusipumue. Katikati, gitaa lilipoanza kupanda juu, mmoja wetu akaingia kutoka nje na kuuacha mlango wazi. Ni nani, hilo bado linatugombanisha. Mimi nasema ni kaka yangu, yeye anasema ni mimi. Baba alikuwa mtu wa hasira za karibu, hakujali kwamba anarekodi. Akapaza sauti: "Funga mlango! Kuku wanaingia! Kwani umezaliwa sokoni?" Shangazi, dada yake, aliyekuwa amebana pumzi kwa amri, akashindwa kujizuia, akapiga chafya moja kubwa. Gitaa likaendelea kana kwamba hakikutokea kitu. Mwishoni kabisa, kabla mwimbaji hajamaliza, likaingia tangazo la sabuni.

Huo ndio wimbo tuliokua nao. Ulipigwa kila siku ya mapumziko, kwa sauti ya juu, na majirani wakausikia kupitia ukutani watake wasitake. Shuleni niliwahi kuuimba mbele ya darasa, na mlango wake, na chafya yake, na sabuni yake. Mwalimu akaniuliza kama nyumbani tuko salama.

Kanda tuliikuta ndani ya kopo la biskuti, chini ya vifungo na betri zilizokufa. Tukaitia kwenye redio kaseti. Wimbo ukaanza vizuri, mara sauti ikawa nzito kama ya mlevi, redio ikaimeza kanda na kuitapika pembeni. Kaka yangu, tunayemwita Mkurugenzi kwa sababu ana amri nyingi na hana ofisi, akasema tusiiguse, aitwe mtaalamu. Mtaalamu pekee aliyekuwa karibu alikuwa bwana harusi.

"Hii imelegea kwa joto," Fundi akasema, akiinusa. "Vitu vyote vya zamani vinaharibiwa na joto. Niachieni mimi."

Akaenda nayo kwake, akaiweka kwenye friza. Nasema tena: kanda ya Baba, kwenye friza, katikati ya barafu na samaki. Aliirudisha ikiwa imevimba kwa umande na inanuka, akaitia kwenye redio kwa fahari, akabonyeza. Ikalia *kraa*, ikakatika vipande, na gamba lake likapasuka.

Ndipo likanijia jambo ambalo hata sikuwahi kulifikiria: ile ndiyo ilikuwa sauti pekee ya Baba iliyobaki duniani. Picha tulikuwa nazo tele. Sauti, ni ile tu, akigombana na mtu juu ya kuku. Nilitamani kumnyoa Fundi upara kwa wembe butu.

Mama hakulia. Aliokota vipande, akavirudisha kwenye kopo. "Fundi," akasema, "nakupenda, lakini sharti ni lile lile."

Nikaanza kuutafuta wimbo kwenye simu. Sikujua jina lake wala la mwimbaji, kwa hiyo nilikuwa nikimpigia mluzi kila mteja mwenye mvi aliyekaa kwenye kiti changu. Wazee wakafumba macho, wakayumbayumba chini ya mashine, wakakumbuka nyimbo nyingine kabisa. Mmoja alilia kwa wimbo wa pop wa ujana wake hadi nikamkata sikio kidogo. Hatimaye dereva mmoja wa lori akasema, "Huo naujua," akautafuta, akaupata. Safi kabisa, umetengenezwa upya, kila uzi wa gitaa unasikika. Sikumtoza hata senti.

Jioni hiyo tukamkalisha Mama kwenye kochi, tukabonyeza. Mwanzoni alifumba macho, akatikisa kichwa kwa kufuata mdundo. Gitaa likapanda, likapita pale penyewe, likaendelea zake. Mama akafungua macho.

"Mlango uko wapi?"

"Mama, huu ndio wimbo halisi," nikasema. "Mlango haukuwemo. Ni Baba aliyeu..."

"Na chafya?"

"Chafya ni ya Shangazi, Mama. Unajua."

"Najua. Ndiyo maana nauliza iko wapi." Kisha wimbo ukafika mwisho, pale penye sabuni, na badala ya sabuni ukaja ubeti mzima ambao hatukuwahi kuusikia maishani mwetu. Mama akasimama. "Zimeni! Hawa watu wameuharibu wimbo, tena wameuongezea maneno yao."

Ikabidi tutafute mlango mpya. Chafya haikuwa tatizo, Shangazi yupo hai, akaanza mazoezi na pilipili manga kwenye kitambaa. Kwa sauti ya Baba tukafanya majaribio sebuleni, Mama akiwa jaji. Mkurugenzi akaanza, akiwa amefunga tai.

"Wewe unatoa hotuba," Mama akasema. "Mwingine."

Jirani mmoja, mwalimu mkuu mstaafu, akapiga kelele hadi mtoto wa nyumba ya tatu akaamka akilia. Mama akakataa. "Huyo anachukia kuku. Baba yenu hakuwachukia, alikuwa amechoka nao." Mimi nilijaribu, sauti ikanikatikia katikati, nikatoka kwenda kuosha uso. Mwisho akasimama Fundi mwenyewe, mikono nyuma, kichwa chini.

"Tafadhali, funga mlango," akasema. "Kuku... kama hawatajali..."

Tulicheka mpaka Shangazi akapiga chafya bila pilipili. Mama hakucheka. Alimtazama Fundi kwa huruma, akaenda kulala. Siku ya harusi ilikuwa imekaribia, ukumbi umelipiwa, na bibi harusi hana habari na kalamu.

Siku yenyewe ukumbi ulijaa. Mtaa mzima ulikuja, wale wale wa ukutani. Mlango mkubwa wa nyuma ulikuwa wazi kabisa kwa sababu watu walikuwa bado wanaingiza viti. Msajili wa ndoa akafungua daftari lake, akasogeza kalamu kwa Mama. Mama akaikunja mikono yake mapajani.

"Wimbo kwanza," akasema.

Msajili akatuangalia kama anaomba msaada. Nikampa ishara mpiga muziki, akauweka ule safi wa kwenye simu, kwa kuwa hatukuwa na mwingine. Fundi alikuwa amekaa wima ndani ya suti yake mpya, jasho linamtiririka, mtu aliyefanya kazi kwenye baridi maisha yake yote.

Gitaa likaanza kupanda. Nikafumba macho, sikutaka kuona uso wa Mama litakapopita pale patupu.

Halikupita patupu. Ukumbi mzima, bila mtu kupanga, ulipaza sauti kwa pamoja: "Funga mlango! Kuku wanaingia! Kwani umezaliwa sokoni?" Mwalimu mkuu, Mkurugenzi, mama wa nyumba ya tatu, wazee niliowanyoa na kuwachosha kwa mluzi, wote, tena kwa uchovu ule ule, kwa kupanda na kushuka kule kule. Walikuwa nayo kichwani miaka yote hiyo. Sauti ya Baba ilikuwa imegawanywa mtaa mzima, kila mtu ana kipande chake, na mimi nilidhani imekufa kwenye friza. Nililia waziwazi, sikuona aibu. Shangazi akapiga chafya mahali pake hasa.

Ndipo Fundi Friji akasimama. Nilidhani anakimbia. Alishuka jukwaani, akapita katikati ya wageni wote hadi kule nyuma, akaushika ule mlango mkubwa, akaufunga. Akaujaribu kwa kuusukuma, kama anavyojaribu mlango wa friji, akahakikisha umeshika. Kisha akarudi polepole, akakaa karibu na Mama.

"Nimefunga," akamwambia.

Mama akautazama ule mlango. Halafu akatugeukia sisi, mimi na kaka yangu.

"Miaka yote ile anapiga kelele," akasema, "na hakuna hata mmoja wenu aliyewahi kunyanyuka."

Akachukua kalamu, akatia sahihi, huku ukumbi ukiimba sabuni.