Utando Uliorudi

Mpasuaji yule hakuwa mtu wa kuogopa wagonjwa, lakini asubuhi hiyo alipita mlango wa wodi mara tatu bila kuingia. Mkononi alikuwa na picha za kifua cha mama mmoja, fundi cherehani, na picha hazikuficha kitu. Utando wa plastiki aliomfunikia moyo miaka minane iliyopita, baada ya kumbadilishia vali, ulikuwa umeota kovu, ukawa mgumu, ukaubana moyo hata ukashindwa kujaa damu. Ndiyo maana miguu ilivimba na tumbo likajaa maji. Na mwaka mzima madaktari wengine walikuwa wakimtibu ini, maskini, ini lisilo na kosa.

Utando ule aliupigia debe yeye mwenyewe, tena kwa mbwembwe. Kazi yake ilikuwa kuzuia moyo usigandamane na mfupa wa kifua, ili siku ukihitajika upasuaji mwingine iwe rahisi kufungua. Sasa alikuwa na njia ya mkato: aseme "kovu" tu, asitaje limeota juu ya nini, kisha amkabidhi mgonjwa kwa mpasuaji kijana, yeye akae pembeni. Si uongo, alijiambia. Loo, mtu akitaka kujidanganya hakosi maneno.

Aliingia. Mama alikuwa ameegemea mito mitatu, maana akilala chali pumzi inakatika.

"Keti, daktari. Umesimama kama mgeni aliyekosea nyumba."

Akaketi. "Mama, kuna kovu linaubana moyo. Tutalitoa."

"Kovu la nini?"

Mama alimkazia macho, yale macho yaliyozoea kuona mshono uliopinda kidogo tu.

"La kile kitambaa cha plastiki nilichokufunikia moyo," alisema mpasuaji hatimaye. "Nilikiweka mimi. Kimekaza."

Mama alikasirika, na hakuficha. "Mwaka mzima nameza dawa za ini. Nimeacha chumvi, nimeacha cherehani. Hakuna aliyejua?"

"Nilipaswa kukuita nikuangalie kila mwaka. Sikukuita. Nisamehe, mama."

"Nitakusamehe nikipona. Nani atafumua?"

"Kuna kijana hodari sana..."

"Aa, wapi. Kwangu nguo ikirudi, anaifumua yule aliyeishona. Ndiye anayejua alianzia wapi. Huyo kijana wako akusaidie."

Basi akafumua mwenyewe, saa sita nzima, kipande kwa kipande, mikono ikiwa mizito mwanzoni. Utando ulipobanduka upande wa kulia, moyo ulijaa, ukaanza kupiga kwa nafasi, na mishipa ya shingo iliyokuwa imetuna ikalala. Hakuufunika tena na chochote. Juu ya barakoa machozi yalimtoka, na hakujali nani anaona.

Siku ya tano mama alikuwa analalia mto mmoja. Aliomba aonyeshwe kile kitambaa, akakigeuzageuza ndani ya kichupa chake.

"Si kibaya kwa kukitazama," alisema. "Lakini kwangu nguo moja ikirudi imesinyaa, nawatafuta wote niliowashonea kwa jora lile. Wewe uliwashonea wangapi?"

Swali hilo lilimchoma. Siku zote tano alikuwa akitembea kifua mbele kwa kupona kwa huyu mmoja, na wale wengine hakuwa amewawaza hata kidogo.

"Sijui," alisema.

"Sasa unangoja nini hapa?"

Alikwenda kwa sista wa zamu, akaomba daftari la chumba cha upasuaji la miaka ile. Aliowawekea utando ule walikuwa thelathini na mmoja. Alivuta kiti, akavuta simu, akapiga namba ya kwanza. Haikupatikana. Ya pili iliita sana, kisha mwanamume akapokea huku anahema, kana kwamba simu ilikuwa mbali.

"Samahani, ndugu yangu," alisema mpasuaji baada ya kujitambulisha. "Miguu yako inavimba?"

"Nani amekwambia?"