Mgongo wa Baharanyi

Nyiramahirwe alimtambua kwa sauti kabla hajamwona uso. Muzee aliingia kwenye chumba chake cha tiba, pale mtaa wa Murara, amejikunja akisukuma kiti cha plastiki, maana akisimama wima miguu iliwaka moto kisha ikafa ganzi.

"Munganga, nisaidie. Naitwa Baharanyi. Hospitalini walisema njia ya mishipa ya fahamu ndani ya kiuno imekuwa nyembamba. Wanataka kunipasua. Mie naogopa kisu."

Baharanyi hakumkumbuka. Angemkumbukaje? Kule kwao Kiwanja, miaka mingi nyuma, Nyiramahirwe alikuwa mtoto aliyejibanza nyuma ya magunia ya maharagwe, akimwona jirani yao huyu akiwaonyesha wenye bunduki mlango wao. Walimchukua kaka yake, Niyitegeka. Hakurudi, wala maiti yake.

"Lala kifudifudi, muzee."

Alimwekea mto chini ya tumbo, kama alivyofundishwa na daktari Mkorea aliyempa kazi hiyo ya tiba ya sindano. Akamchoma sindano nyembamba kama nywele kiunoni na nyuma ya magoti, akamwumika kwa vikombe vinavyovuta ngozi, akampa mizizi ya kuchemsha. Sindano moja ingezamishwa vibaya, ingemuumiza. Lakini maumivu ya mara moja hayakumtosha Nyiramahirwe. Alitaka kwanza muzee aonje kutembea.

Wiki zikapita. Siku Baharanyi alipofika barabarani na kurudi bila kuegemea kitu, aliingia akicheka.

"Mungu akubariki, mwanangu!"

Nyiramahirwe akafunga mlango.

"Mimi ni dada yake Niyitegeka wa Kiwanja."

Kicheko kikakatika.

"Huu ugonjwa hauponi, muzee, unatulizwa tu. Nikiacha kukutibu utajikunja tena. Sema, walimzika wapi kaka yangu?"

Baharanyi akakaa chini, machozi yakimtoka. "Nyuma ya kinu cha zamani, karibu na mikaratusi. Walisema nisipoonyesha kijana mwingine watamchukua mtoto wangu Carlos. Ningefanya nini?"

Nyiramahirwe alisubiri moyo wake ulainike. Haukulainika. Alimfungulia mlango bila kumgusa.

Walichimba nyuma ya kinu, yeye na mama yake na wajomba, wakaipata mifupa. Mama aliutambua mkanda wa mwanawe. Padri akaja, wakamzika Niyitegeka kwa jina lake, na mama akalia kilio alichokizuia miaka yote.

Baada ya majira ya mvua kubwa Baharanyi akarudi, amepinda kuliko mwanzo, ameshikwa mkono na mwanamume mwenye ndevu.

"Munganga, nilikuambia ukweli."

"Uliniambia. Lakini mimi sitakutibu tena."

Yule mwenye ndevu akashangaa. "Mama, mimi ni Carlos, mtoto wake. Papa alikukosea nini?"

Nyiramahirwe alimtazama kwa muda mrefu: mabega mapana, pete ya ndoa, mutu muzima anayepumua. Muzee alikuwa akitikisa kichwa, akimwomba kwa macho asiseme.

"Muulize yeye, mukienda," akasema, akamwita mgonjwa mwingine.