Mjomba wa Tapeli

Pikapu yangu iliuzwa na mtu nisiyemjua, kwa mtu nisiyemjua, kwa bei nisiyoijua. Na mimi mwenyewe nilikuwepo. Nilikuwa uani, naiosha.

Nilikuwa nimeitangaza mtandaoni siku ya Jumatatu: picha sita, bei baht laki mbili na elfu kumi, namba yangu ya simu. Bata ninaowafuga nilikuwa nimewapunguza, mgongo unauma, na mke wangu Rampai alisema nyumba ya watu wawili haihitaji pikapu mbili. Jumanne akapiga mtu aliyejiita Phitak, mkandarasi.

"Mzee wangu, naichukua."

"Hujaiona."

"Nimeona picha. Naichukua kwa bei hiyo hiyo."

Hapo ilinipasa kukata simu. Nimeuza bata, mayai, pikipiki, hata jokofu bovu, na sijawahi kukutana na mnunuzi asiyeomba apunguziwe. Lakini laki mbili na elfu kumi ni pesa, na masikio yangu yakaziba.

Akanieleza kwamba ana fundi wake, Wichian, anayemdai malimbikizo ya mshahara, na anataka kumlipa kwa gari. Fundi atakuja Alhamisi asubuhi kuliona, yeye na mama yake.

"Ila mzee wangu, usimtajie bei. Mimi na yeye tuna hesabu zetu. Akiuliza, sema mimi ni mtoto wa kaka yako. Wakiridhika tu, nakutumia pesa yote hapo hapo."

Huyo Wichian naye alikuwa ameshaambiwa yake. Tapeli alichukua zile picha zangu sita, akaziweka kwenye tangazo jingine kwa laki moja na nusu. Gari la mjomba wangu, akamwambia Wichian. Nendeni mkalione, lakini msimtajie bei, ana presha, akisikia naliuza kwa bei hiyo ataanguka. Mkiridhika, tumeni pesa kwangu. Na kwa kuwa kulikuwa na mtu mwingine anayelitaka, ikabidi watangulize kianzio cha elfu kumi na tano. Wakatuma. Laki moja na elfu thelathini na tano zilizobaki zilikuwa kwenye simu ya Wichian. Zilikuwa za mama yake. Alikuwa ameuza ng'ombe wake wote wanne.

Basi Alhamisi saa mbili asubuhi wakaingia uani kwangu: Wichian, mwembamba, mpole, na Mama Lamduan, mfupi, mwavuli mkononi. Nikawakaribisha kama mjomba wa mtu.

"Bosi wako anakupenda," nikamwambia Wichian.

"Bosi?" Akamtazama mama yake, akageukia pikapu. Alikuwa ameagizwa asiguse habari ya bei, akaogopa hata maswali mengine.

Mama Lamduan akaizunguka pikapu, anagonga bati kwa mpini wa mwavuli.

"Matairi yamechoka."

"Mawili tu, mama."

"Na mlango huu umebonyezwa na nini?"

"Rampai alikuwa anarudi nyuma."

"Ukuta ndio ulisogea!" Rampai akajibu kutoka jikoni.

Nilimwona yule mama anavyoteseka. Kila kasoro aliyoipata ilitakiwa ishushe bei, na bei alikuwa amekatazwa kuigusa. Akawa anazikusanya tu, kutu hapa, taa imepasuka pale, halafu anazimeza. Na mimi nilikuwa na majibu mazuri ya kila kasoro, nikayameza pia.

Simu ya Wichian ikalia. Ilikuwa sauti ile ile ya Phitak, kama nilivyosimuliwa baadaye.

"Kaka, mmeridhika? Tuma basi, kuna daktari yuko njiani anakuja kulichukua."

"Mwambie hatumalizi shughuli kabla ya saa tatu na dakika tisa," akasema Mama Lamduan. "Mtawa wa hekaluni ametuagulia, hiyo ndiyo saa njema."

"Mama anasema..."

"Nimemsikia!"

Haikupita muda ikalia simu yangu.

"Mzee wangu, waharakishe hao."

"Wanangoja saa njema."

"Saa njema ni sasa!"

"Kamwambie mtawa," nikasema.

Ilikuwa bado zaidi ya nusu saa. Rampai akatandika mkeka ndani, akaleta wali wa kunata na samaki wa kuchoma. Tukala. Ya bei hatuzungumzi, ya bosi hatuzungumzi, na habari za mvua tulishazimaliza. Mama Lamduan akahamia kwenye jambo ambalo mama yeyote wa umri wake angelihamia, habari za ukoo.

"Kwa hiyo huyu Phitak wewe ni mjomba wake."

"Eeh. Mtoto wa kaka yangu."

Akaacha kutafuna.

"Mtoto wa kaka yako akuite mjomba?"

"Yaani..."

"Mtoto wa dada yako ndiye anakuita mjomba. Mimi kaniambia wewe ni mdogo wake mama yake. Sasa mama yake ni nani?"

Nikachambua mwiba ambao haukuwepo.

"Na ni wa ngapi kwao? Ni mkubwa kwa huyu wangu au mdogo? Nataka kujua nimwiteje."

Rampai akaweka bakuli chini. "Hata mimi nataka kujua. Baba, kaka yako yupi huyo? Si una dada watano watupu?"

Mimi uongo siuwezi. Si kwamba ni mtu mwema sana, ila nasahau nilichosema.

"Simjui," nikasema. "Sijamwona hata siku moja. Ananunua pikapu yangu ampe huyu fundi wake."

"Mimi si fundi wa mtu," akasema Wichian. "Mimi nauza barafu."

"Wewe unanunua kwa bei gani?" nikamuuliza.

Akamtazama mama yake. "Laki moja na nusu."

"Mimi nauza laki mbili na kumi."

Wichian akasimama, akakaa, akasimama tena. "Mama, nimeshamtumia elfu kumi na tano. Mama, ilikuwa pesa yako."

Mama Lamduan aliinua kichwa. Alikuwa anaangalia saa yetu ya ukutani, midomo inahesabu. Nilidhani analia. Kumbe anapiga hesabu ya ng'ombe.

"Amekula karibu nusu ng'ombe," akasema. "Bado ninao watatu na nusu. Kaa chini wewe. Mpigie, uweke sauti kubwa."

Phitak akapokea kabla haijalia vizuri. "Mmetuma?"

"Mwanangu," akasema Mama Lamduan, na sauti ilikuwa laini mpaka nikatazama kama ni yeye, "saa yetu inakaribia. Wewe umezaliwa siku gani?"

"Nini?"

"Siku, mwanangu. Jumatatu, Jumanne."

"Jumamosi. Kwa nini?"

Mama akavuta pumzi kama aliyeona nyoka. "Jumamosi! Masikini. Na leo Alhamisi. Hazipatani. Mtawa alituonya, pesa ikienda hivi hivi, gari litagonga mtu ndani ya mwezi."

"Mama, hayo mambo..."

"Dawa ipo, ndogo tu. Anayepokea anatanguliza yeye kwanza, afungue njia. Tisa, tisa na tisa."

"Baht ishirini na saba?"

"Mia tisa tisini na tisa. Ukituma, nakutumia yote, na hiyo yako juu yake."

Tapeli akasema, kwa uchungu wa kweli kabisa, "Mama, huo si utapeli?"

Rampai akajiziba mdomo kwa kanga. Mimi nilijing'ata kidole.

"Basi mwanangu, tusikulazimishe. Saa njema nyingine ipo mwezi ujao. Mwambie yule daktari alichukue tu."

"Ngoja! Ngoja kwanza!"

Tukangoja. Jogoo wa jirani akawika. Simu ya Wichian ikalia *ting*. Zilikuwa mia tisa tisini na tisa kamili.

"Imefika?" akauliza Phitak.

"Imefika, mwanangu. Njia imefunguka. Sasa msalimie mjomba wako." Akanipa simu.

Niliyoyasema siyaandiki. Rampai alikwenda kufunga dirisha la upande wa jirani. Nilipopumzika kidogo nikasikia Phitak anapiga kelele: "Huyo mama ni mwizi! Mzee, huyo mama ni mwizi!" Kisha akakata, na namba ile haikupatikana tena.

Nikawapeleka kituo cha polisi kwa pikapu hiyo hiyo. Askari aliandika kila kitu. Akasema akaunti ni ya mtu aliyekodisha jina lake kwa matapeli, na pesa ikiingia humo haikai. Alipofika kwenye zile mia tisa tisini na tisa aliinua kalamu.

"Hizi zilirudije?"

Mama Lamduan akamweleza. Askari akacheka, akakumbuka yuko kazini, akaandika "zilirejeshwa".

Tukarudi kwangu, na hapo ndipo mama alipofunguka. Zile kasoro zote alizozimeza asubuhi zikatoka moja moja: matairi, taa, kutu, mlango. Na mimi nikatoa majibu yangu yote. Tulivutana bei mpaka jua likawa utosini, Rampai anatuletea maji, Wichian amekaa pembeni kama si yeye mwenye kuendesha.

"Wewe mjomba una roho ngumu."

"Na wewe dada una mkono mfupi."

Yeye alipanda kutoka laki moja na elfu thelathini na tano mpaka laki moja na arobaini na tano, kumi angekopa kwa dada yake. Mimi nilishuka mpaka laki moja na tisini na tano. Hapo tukakwama. Ningependa kusema nilimwachia. Sikumwachia. Gari ni zima, na nilikuwa na bwawa la samaki la kuchimba. Hakuniomba, na hakununa. Aliniambia akinunua ng'ombe siku nyingine hataki picha, anataka mkia mkononi.

Nikawapeleka kituo cha basi.

Mama Lamduan alipoteza elfu kumi na tano, zikarudi mia tisa tisini na tisa. Elfu kumi na nne na baht moja zilikwenda. Nauli ya watu wawili kwenda na kurudi, mia tano na sitini. Mwanawe siku moja bila kuuza barafu, mia saba. Kwangu mimi: samaki wawili, mafuta ya kwenda polisi na kituo cha basi, mia mbili. Pikapu niliiuza mwezi uliofuata kwa laki moja na elfu themanini na nane, kwa mwalimu aliyeomba nimpunguzie mara saba. Elfu saba chini ya bei ya mwisho niliyomkazia yule mama.